Mwaka wa Chakula Bila Chumvi

Nesi aliniuliza swali dogo tu, nikamdanganya kabla hajalimaliza. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki pale kliniki, mtoto wa wiki saba mapajani, siku ya nne bila usingizi wa maana, na kichwani redio inaongea stesheni tatu kwa pamoja. Nesi mwenyewe alikuwa msichana wa rika langu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akauliza kama ninanyonyesha, nikasema ndiyo. Akauliza kama ninalala, nikasema kidogo. "Na kwa familia yenu, upande wa mama, kuna mtu amewahi kuugua..." "Hakuna," nikasema. Akainua macho. "Sijamaliza. Kuugua akili." "Nimesema hakuna." Akatia alama kwenye kisanduku chake, akaniambia ningoje nje mpaka mtoto aitwe kupimwa uzito. Na mimi nilikuwa nimeenda pale kutafuta msaada, hilo nataka lieleweke. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama jikoni nikisugua sufuria moja kwa steel wool, sufuria iliyokuwa safi tangu jana yake, nasugua, nasugua, mtoto analia chumba cha pili, baba yake yuko safari na lori huko mpakani, na nilipoona maji ya sinki yamekuwa mekundu ndipo nikatambua vidole vinavyovuja ni vyangu. Nikajua ninafanana na nani. Nikamfunga mtoto mgongoni nikatembea hadi kliniki. Halafu nikafika, nikaulizwa, na ule mdomo uliofundishwa nikiwa na miaka kumi na saba ukajibu wenyewe.

Kwenye benchi nje kulikuwa na mama mmoja mnene, leso kiunoni, kadi ya kliniki mkononi. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akarudi viatuni. "Wewe si Mutheu? Mutheu wa ile ploti ya geti nyekundu?" Nikaitambua sauti kabla ya uso. Alikuwa Mama Akinyi, jirani yetu wa mlango kwa mlango hapa mtaani Umoja, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na miwili, tangu mazishi ya mama yangu. "Uwi! Nyara!" akasema, ndivyo alivyokuwa akiniita, binti yangu, kwa lugha ya kwao. Akanivuta, akamfunua mtoto, akamnusa kichwa. "Huyu ni mamako mtupu. Angalia paji la uso. Mimi nimekuja kuchukua dawa yangu ya presha. Hii kitu iliyommaliza mamako, mimi imekataa kunimaliza." Na mimi, jamani, shingo yangu ilikuwa tayari imeanza kuitikia. Ndiyo, presha. Ilikuwa presha.

Haikuwa presha. Mama yangu hakuwahi kuwa na presha hata siku moja.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na jikoni ya kugeukia tu, na pazia la maua lililotenganisha kochi na kitanda changu. Baba alikuwa mchongaji. Alileta wanyama kutoka karakana ndani ya magunia, wakiwa bado na alama za tezo, na Mama ndiye aliyewapiga msasa hapo sebuleni, miguu ameinyosha juu ya magazeti, gunia upande huu, wanyama waliokwisha upande ule. Kazi yangu ilikuwa kuwapaka rangi ya viatu baada ya shule. Rangi ya kahawia kwa twiga, na nyeusi kwa wale waliotakiwa kuonekana mpingo ilhali hawakuwa mpingo. Vumbi la mbao lilikuwa kila mahali, ndani ya sukari, ndani ya vitabu vyangu, kwenye kope za Mama. Ukila ugali kwetu ulikula na mti kidogo. Nilipenda sauti ya ule msasa. Ukiisikia kutoka kwenye ngazi ulijua nyumbani kuna mtu.

Muhula wa kwanza, sauti ile ikaacha kukoma. Mama alipiga msasa tukila, alipiga msasa tukiomba, alipiga msasa tulipoamka. Siku moja alasiri nimerudi kutoka shuleni, nikakuta ndovu kumi na wawili wamepangwa kwenye kochi kama wageni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na masikio. Masikio yote alikuwa ameyasugua yakaisha. Twiga walikuwa wamelala sakafuni na shingo nyembamba kama njiti za kiberiti, wengine wamevunjika. Mama alikuwa katikati yao anatabasamu, vidole vinavuja damu, macho yanang'aa vile sijawahi kuyaona. "Walikuwa wanasikia sana," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa habari njema. "Nimewapunguzia." Baba alipoingia aliketi kwenye mkono wa kochi, akamchukua ndovu mmoja akamgeuza mikononi, akapapasa pale sikio lilipokuwa. Kesho yake nikaambiwa Mama ameenda ushago, kijijini, kumwona dada yake.

Alirudi baada ya wiki tano, na hakutoka ushago. Uso ulikuwa umevimba kidogo, alinukia sabuni ya hospitali, aliongea taratibu lakini aliongea. Alikuwa yeye. Mkobani alikuwa na chupa ya tembe yenye karatasi ya maandishi. Baba aliitoa ile chupa, akaenda nayo dirishani, akachukua kipande cha msasa laini akaanza kuisugua ile karatasi, polepole, kwa uangalifu, kama anavyosugua mgongo wa kiboko. Alisugua jina la Mama likatoka, jina la dawa likatoka, jina la wadi likatoka, mpaka ikabaki chupa nyeupe tupu. Akaiweka ndani ya mkebe wa majani chai. Kisha akaniita nisimame mbele yake. "Mtu akikuuliza, mama yako anaugua presha. Sema." "Anaugua presha." "Sema tena, na usiangalie chini." Nikasema tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi akiangalia mikono yake. Nilisema mara nne hivi, hadi Baba akaridhika.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Akinyi, kesho yake tu, kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anauza omena, dagaa wa ziwani, kando ya barabara, na hakuna kitu kilichompita kwenye ile ploti. "Mama anaumwa na nini?" "Presha," nikasema, sikuangalia chini. "Presha!" Akaachilia shuka likaanguka kwenye matope. "Na mbona hamkusema? Hiyo ni yangu, mimi naijua kama shemeji. Hiyo ugonjwa haitaki mchezo. Chumvi, Mutheu, chumvi ndiyo adui. Mwambie babako kutoka leo sitaki kusikia chumvi kwa hiyo nyumba." Na jioni hiyohiyo akagonga mlango kwa kijiko, ndivyo alivyobisha hodi siku zote, ameshika bakuli la kifuniko cha kijani. Omena iliyokaushwa vizuri, nyanya, dania, bila hata chembe ya chumvi. "Ya mama pekee. Ninyi wenye nguvu msiguse."

Alikuja na lile bakuli karibu kila siku. Mwezi wote. Miezi. Sukuma bila chumvi, mboga ya osuga bila chumvi, supu ya mifupa bila chumvi. Mwanzoni tulicheka, mimi na Mama. Mama alikuwa na mdomo, watu wengi hawakumjua hivyo. Alionja ile omena, akafumba macho, akasema, "Hii imekufa mara mbili. Mara ya kwanza huko ziwani, mara ya pili kwa Mama Akinyi." Lakini Mama Akinyi alikuwa mtu wa kufunua sufuria. Aliingia, akasalimu, akafunua, akatia kidole akaonja. Mara ya kwanza alipokuta muthokoi wetu, mahindi ya kukoboa, umetiwa chumvi aligeuka akamkabili Baba. "Baba Mutheu, unataka kumzika huyu mama?" Baba aliona aibu, au niseme aliogopa. Siku hiyo alichukua pakiti ya chumvi akaitia kwenye mfuko wake wa koti akaondoka nayo. Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na chumvi. Tulikula uongo wetu wenyewe, kila siku, mara mbili kwa siku. Muthokoi bila chumvi ni kama kutafuna shanga. Mimi nilikula viazi vya kukaanga pale nje ya shule, vimejaa chumvi mpaka midomo inachoma, nikarudi nyumbani nikaketi na mama yangu mezani.

Na yeye alijua. Jumamosi moja alikuwa ananisuka, mimi nimeketi kati ya magoti yake, nikamuuliza mbona tusimwambie tu Mama Akinyi, yeye si mbaya. Akavuta mstari wa nywele kabla ya kujibu. "Si mbaya. Lakini akijua, hatakuangalia wewe usoni tena. Atakuwa anakuangalia mikono." Sikuelewa. Akasema, "Anangoja aone itaanza lini kwako." Kisha akacheka, akanipiga kitana begani, akasema nikae wima. Miezi ile, kuanzia Machi hadi Juni, mama yangu alikuwa mzima. Nasema hivi kwa sababu familia yetu imezoea kusema kwamba hakuwahi kupona. Dawa ilifanya kazi. Alipiga msasa kwa saa zake, akasimama, akaenda kanisani, akagombana na keya, mwangalizi wa ploti, kuhusu maji. Ndovu walikuwa na masikio.

Likizo ya Aprili alikuja Aunti Ndinda, dada mkubwa wa Mama. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipaka twiga rangi, Mama ameenda sokoni Kariokor na shehena ya vinyago, na wao wawili, Aunti na Baba, wakidhani nimeenda naye. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha Aunti, "Ni yale ya mama yetu. Alianza hivihivi, alipomzaa huyu dada yangu." Baba akauliza, "Si mlisema mama yenu alikufa akimzaa?" "Hiyo ndiyo tuliwaambia mlipokuja na mbuzi wa mahari." "Kwa hivyo hakufa." "Alikaa miaka saba kile chumba cha nyuma ya ghala. Mimi ndiye nilimpelekea chakula. Huyu dada yangu alikulia ua mmoja naye na hakuambiwa ni mamake. Alidhani ni mtu tu." Nilishika twiga kwa nguvu rangi ikanijaa kucha. Baba akasema, "Mlinipa mke mkanificha." Na Aunti, ambaye haogopi mtu, akamrudishia, "Na wewe hapa unamficha nani? Kunywa chai." Nikamsikia akinywa. Kwa kweli nilimsikia Baba akinywa chai baada ya hayo. Kisha Aunti akaongeza, sauti imelegea, "Huyu msichana akipata mtu, msimwambie. Na ikiwezekana asizae." Huyo msichana alikuwa mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na kitambaa cha maua katikati.

Baba yu hai, yuko kwao, na akisoma haya asome. Sitaandika kwamba nimemsamehe. Alidanganywa, sawa. Alipodanganywa akajua uchungu wake, kisha akanifundisha kudanganya. Hospitali ilikuwa imemwambia Mama arudi kila baada ya muda apimwe damu, kwa sababu ile dawa ikizidi mwilini ni hatari. Alimpeleka mara mbili. Mara ya pili alikutana na mzee wa kanisa letu kwenye foleni, mzee akauliza, "Na ninyi mnafanya nini huku?" Baba akasema wamepotea njia, wanatafuta kliniki ya presha. Hakumrudisha tena. Alienda peke yake kuchukua dawa, akiwaambia mgonjwa anaendelea vizuri.

Mwezi wa nane mikono ya Mama ikaanza kutetemeka. Alidondosha kikombe, akadondosha kingine. Msasa ulimtoka vidoleni. Alianza kutembea ameshika ukuta, kama sakafu inamkimbia, na maneno yakawa mazito mdomoni, yanagongana. Akatapika asubuhi, akatapika jioni. Baba aliniita jikoni akasema, "Imerudi. Mwongezee. Badala ya moja, mpe mbili." Nikampa mbili. Mimi, kwa mkono wangu huu, nilizitoa kwenye ile chupa isiyo na jina nikamshikia glasi. Na Mama alinishika kifundo cha mkono akasema kwa shida, neno moja moja, "Mutheu. Hii si ile. Ile naijua. Hii ni kitu kingine." Nikamwambia, "Kunywa, Mama." Nani angemsikiliza? Tulikuwa tumeshaamua kichwa chake ndicho kigonjwa, kwa hivyo kila kilichotoka humo kilikuwa ugonjwa. Alikuwa anasema kweli peke yake katika nyumba nzima, na ndiye tuliyemnyamazisha.

Kisha akaanza kuomba chumvi. Si chakula, chumvi. Nilimkuta jikoni amefungua mikebe yote, anatia kidole anaonja, sukari, majani, baking powder, anatikisa kichwa. "Nipe chumvi, mama," ananiita mama. Nami nikamjibu, "Huwezi, Mama. Una presha." Hakukuwa na mtu mwingine mle ndani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilimwambia yeye mwenyewe, yeye aliyekuwa ameketi kwenye kochi siku niliyofundishwa hayo maneno. Aliniangalia muda mrefu sana. Nimejifungua bila dawa ya maumivu, nimezika mama, na sijawahi kuumia kama ninavyoumia nikilikumbuka lile jicho.

Alianguka bafuni mwezi wa kumi na moja, shule zikiwa zinafunga. Daktari alikuwa kijana, amechoka, shati limekunjwa. Aliuliza mgonjwa anatumia dawa gani, Baba akaangalia ukuta. Nikatoa chupa. Daktari akaigeuza, akaona mikwaruzo. "Nani alitoa karatasi?" Akamwaga tembe kiganjani, akazitambua, akauliza amepimwa damu lini. Akauliza anakula nini. Hilo nililijua, nikajibu haraka, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa kujivunia. "Tunampikia bila chumvi. Bila chumvi kabisa, tangu Machi." Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza mimi, kwa sababu Baba alikuwa bado anaangalia ukuta. Kwamba mwili ukikosa chumvi unaishikilia ile dawa badala ya kuitoa. Inabaki, inajaa, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka iwe sumu. Kutetemeka, kuyumba, kutapika, ulimi mzito, yote ilikuwa sumu ikipiga kelele. Na sisi tukaongeza dozi. "Nani alimwambia mgonjwa wa dawa hii asile chumvi?" akauliza. Hakukasirika hata. Alitaka tu kujua.

Alikufa siku ya tatu. Pale koridoni Baba aliniambia, "Haya yaishie hapa hapa." Kwenye mazishi ilisomwa kwamba marehemu alipambana na shinikizo la damu kwa ujasiri. Mama Akinyi alilia kuliko sisi wote. Alijitupa chini kwenye udongo mwekundu wa kwetu, amesafiri siku nzima kufika, akipiga kelele neno moja, "Chumvi! Chumvi!" Watu wa kwetu wakadhani ni namna ya kuomboleza ya huko kwao. Mimi nikadhani amejua. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikajificha ghalani, kama nyanya yangu kwenye kile chumba chake, mpaka gari la majirani lilipoondoka. Mwezi uliofuata alihama ile ploti.

Sasa alikuwa hapa kliniki, ananipapasia mtoto. "Nyara, kuna kitu nataka kukuambia. Nilikutafuta nikuambie, nikaogopa. Wiki ile ya mwisho mamako alikuja kwangu ameshika ukuta. Akaniomba chumvi. Nikamwambia, Mama Mutheu, unataka kufa? Akapiga magoti. Mtu mzima, Mutheu, ananipigia magoti kwa chumvi. Nikashindwa. Nikachukua kijiko nikamtilia kwa supu. Alikunywa yote, akalamba bakuli. Siku chache hivi, akaanguka." Akafuta macho na pembe ya leso. "Mimi ndiye nilimuua mamako. Hata kanisani sijawahi kusema. Kila nikishika chumvi namwona."

Niliona njia mbili na zote zilikuwa mbaya. Ningeweza kumwambia tu haikuwa chumvi, nikaishia hapo, akaenda nyumbani akalala. Lakini nusu ya ukweli ndiyo kazi ya familia yetu, tunaijua kuliko uchongaji. Nikasema, "Mama Akinyi, mama hakuwa na presha. Alikuwa anaugua akili. Nilikudanganya. Kile kijiko chako ndicho kitu pekee cha maana alichopewa mwaka mzima." Akaniangalia kama ninaongea lugha nyingine. Nikamweleza yote, dawa, damu, chumvi, dozi, nikiongea haraka. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza lile nililojua atauliza. "Kwa hivyo chakula changu. Lile bakuli."

"Ulipika ulichoambiwa. Aliyekuambia ni mimi."

"Nilikuwa nampikia sumu."

"Sumu ilikuwa kwetu. Wewe ulipika."

"Ulijua lini?"

"Hospitali. Kabla hajafa."

"Na kwa matanga nikalia mbele yako."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na mbili, Mutheu. Mimi sijala chumvi nikafurahi miaka kumi na mbili."

Akasimama. Akatembea hadi kwenye mfereji karibu na geti, nikajua ameondoka, na nikajua anayo haki. Wale kina mama wengine kwenye benchi walikuwa wanatazama watoto wao tu. Mama Akinyi alifungua maji, akanawa uso, akabaki ameinama pale, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akafunga mfereji vizuri, akarudi, maji yanamtiririka kidevuni. "Sina neno la kukupa leo," akasema. "Kesho nitalipata na litakuwa baya. Utakuja ulichukue." Nikasema nitakuja. Hapo ndipo macho yake yakashuka mikononi mwangu, kwenye vidole vilivyofungwa kitambaa cha jikoni, na nikakumbuka Mama alivyoniambia kati ya magoti yake, kwamba watu wakijua watakuangalia mikono. Sikuificha. Nilikuwa nimechoka sana hata kuificha.

"Hiyo ni nini?"

"Nilikuwa naosha sufuria."

"Umelala lini?"

"Jumapili. Labda."

"Na unasikia nini kichwani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Kelele," nikasema. "Nyingi. Mama Akinyi, ninaogopa kubaki na huyu mtoto." Yeye hakushangaa. Alinyoosha mikono. "Nipe." Nikampa. Akamlaza begani, akanishika kiwiko kwa mkono wa pili, akanisukuma mbele yake, bila hodi, moja kwa moja hadi kwenye chumba cha nesi, ambako kulikuwa na mama mwingine na mtoto mwingine kwenye mizani. "Ngojeni zamu," nesi akasema. "Zamu yake ilipita akidanganya," Mama Akinyi akasema. "Sasa amerudi."

Nesi akaniangalia, akaangalia vidole, akachomoa kalamu kwenye nywele. Nikaketi. "Futa ile alama," nikasema. "Andika nyanya yangu, mama ya mama. Alipomzaa mama. Andika mama yangu. Na uandike mimi, tangu juzi." Alianza kuandika. Sikujua kwamba kalamu inaweza kutoa sauti kubwa hivyo. Akaniambia nisiende nyumbani, daktari atakuja, kuna dawa, na kuna nyingine ambazo mama anayenyonyesha hapewi, watachagua. Mama Akinyi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wangu, hajaketi, ameziba njia nzima. Nilipomtazama hakunitazama. Bado alikuwa amekasirika, niliona kwenye taya. Alikuwa anamtazama nesi.

"Sista," akasema. "Kabla hujaandika dawa yoyote, niambie mimi, na unionyeshe palipoandikwa. Huyu atakula kwangu. Nimpikie na chumvi ama bila?"